Yuniti Mbili Hazitoshi: Kuweka Sharti la Lugha ya Kigeni katika Shahada

SWALI: "Mimi ni mratibu wa mtaala katika chuo kikuu cha kibinafsi hapa Nairobi. Tunapitia upya Shahada ya Uhusiano wa Kimataifa, na Mkuu wa Kitivo anataka kila mwanafunzi asome lugha ya kigeni, Kifaransa, Kijerumani, Kiarabu au Kichina, yuniti mbili katika mwaka wa kwanza. Anasema Ulaya kila mtu anajua lugha mbili za kigeni na sisi tumebaki nyuma. Wenzangu wengine wanapinga. Wanasema ni mzigo juu ya mzigo. Tuna pia wanafunzi wengi kutoka Kongo, Burundi, Sudan Kusini na Somalia, na hatujui tuwaweke wapi. Halafu wapo wanaotaka hata walio mwaka wa tatu sasa waingizwe. Je, sharti kama hili lina maana? Na likiwekwa, liwekwe vipi?"

JIBU: Mwalimu, nianze na uamuzi kisha nitoe sababu. Yuniti mbili msiziweke. Ama wekeni nne au zaidi, zilizopangwa vizuri, ama iacheni lugha iwe ya hiari na pesa hizo mzitumie kwa wale wachache wanaoitaka kikweli. Njia ya katikati ni mbaya kuliko zote mbili, na kamati nyingi huikimbilia kwa sababu inampa kila mjumbe kitu cha kurudi nacho ofisini.

Tufanye hesabu. Katika vyuo vyetu vingi yuniti ya kawaida ni saa tatu kwa wiki, na muhula una wiki kama 14. Hiyo ni saa 42, na yuniti mbili ni saa 84. Toa siku za CAT, yaani majaribio ya katikati ya muhula, toa sikukuu, toa ile wiki ya kwanza ambayo nusu ya darasa bado inahangaika kusajili yuniti kwenye tovuti ya chuo, unabaki na kama saa 70 za kusoma kwelikweli. Sasa linganisha na ngazi zinazotumiwa na mitihani mingi ya lugha za Ulaya, A1 (ya anayeanza), A2, B1, B2, C1 na C2 (ya juu kabisa), ambazo Baraza la Ulaya lilizitoa mwaka wa 2001. Makadirio ambayo walimu wengi huenda nayo ni saa 180 hadi 200 kufika A2, saa 350 hadi 400 kufika B1, na saa 500 hadi 600 kufika B2. Saa 70 zinakufikisha A1, tena ukiwa na bidii.

Mwanafunzi wa A1 anaweza kutaja jina lake, kusema kwamba anakaa Kasarani na ana kaka wawili na dada mmoja, na kuuliza chai ni pesa ngapi, mradi anayeongea naye aende polepole na akubali kurudia. Mpe mwanafunzi huyo ukurasa mmoja wa taarifa ya pamoja ya mawaziri, iliyoandikwa kwa Kifaransa huko Kinshasa. Tarehe ataitambua. Majina ya nchi atayatambua. Maneno kama "sécurité" na "coopération" atayakisia kwa sababu yanafanana na ya Kiingereza. Lakini hataweza kukwambia kama mawaziri walikubaliana, walikataa au waliahirisha, kwa maana hayo yamo ndani ya vitenzi, na vitenzi hivyo viko katika nyakati na hali ambazo hajawahi kufundishwa. Huyo ndiye mtakayemwandikia kwenye transkripti kwamba amesoma Kifaransa. Na kwa kuwa alikisoma mwaka wa kwanza na hakukigusa tena, ikifika siku ya mahafali hata bei ya chai imemtoka kichwani.

Kwa hiyo wenzako wanaolalamika juu ya mzigo wana haki. Mwanafunzi hulipia karo saa zile 84, anazifanyia mtihani, na hazimfungulii mlango wowote.

Najua hoja itakayotolewa kwenye kikao, kwa sababu hutolewa kila mara: Gigiri, mtaa wa Nairobi zilipo ofisi za Umoja wa Mataifa. Nairobi ni mojawapo ya makao manne makuu ya Umoja wa Mataifa, pamoja na New York, Geneva na Vienna. UNEP, shirika lake la mazingira, na UN-Habitat, la makazi, zina makao yao hapa. Basi vijana wetu wasome Kifaransa. Yote ni kweli. Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa hufanya kazi kwa Kiingereza na Kifaransa, na lugha rasmi za umoja huo ni sita. Lakini chukua tangazo la kazi linalotaka Kifaransa ulisome hadi mwisho: wanatafuta mtu wa kuongoza mkutano kwa lugha hiyo na kuandika ripoti inayosomeka. Hapo unazungumzia B2 kwenda juu. A1 haikupi hata nusu alama. Ni vivyo hivyo kwa Ujerumani. Tangu Kenya itie saini makubaliano ya uhamaji wa wafanyakazi mjini Berlin mnamo Septemba 2024, Kijerumani kimekuwa gumzo mjini, lakini muuguzi anayetaka kutambuliwa kule kwa kawaida hudaiwa B2. Wale vijana wanaojazana kwenye madarasa ya Kijerumani katikati ya mji asubuhi hadi jioni, siku tano kwa wiki, wanaijua hesabu hii kuliko seneti nyingi. Hakuna hata mmoja wao anayefikiri saa tatu kwa wiki zitampeleka Munich.

Swali ambalo kamati yenu inapaswa kuanza nalo ni hili: mhitimu wetu atafanya nini na lugha hiyo, na akiwa ameshika nini mkononi? Likijibiwa hilo, ngazi inajitokeza, na ngazi ikijulikana, idadi ya saa inajulikana. Kamati nyingi huanzia mwisho. Zinaulizana "yuniti ngapi zina nafasi?" na lengo huandikwa baadaye ili lilingane na nafasi.

Nikupe mfano wa sharti ninalolipenda kuliko yote, ingawa si la shahada ya kwanza. Mwanafunzi wa uzamifu wa historia anataka kuandika juu ya vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Hati za serikali ya wakoloni wa Kijerumani zipo, nyingine Dar es Salaam, nyingine Berlin, na nyingi zimeandikwa kwa mkono kwa mwandiko wa zamani uitwao Kurrent, ambao hata Mjerumani wa leo hausomi bila kufunzwa. Sharti lake ni kusoma Kijerumani, na kusoma mwandiko huo. Kuzungumza hakuhitaji, maana afisa aliyeandika ile barua ameshakufa zamani. Mwenzake anayeandika juu ya Mombasa tangu Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka wa 1593 hadi ilipotekwa na Waomani mwaka wa 1698 anahitaji kusoma Kireno, maana karatasi ziko Lisbon na Goa, na pengine Kiarabu. Mtihani wao ni mwepesi kuutunga: ukurasa mmoja wa hati halisi, kamusi inaruhusiwa, saa mbili, tafsiri ya kueleweka. Hakuna mtu anayeuliza kwa nini sharti hilo lipo. Mwanafunzi mwenyewe ndiye anayekuja kuuliza darasa litaanza lini.

Shahada yenu ya kwanza haiwezi kuwa mahususi kiasi hicho, lakini mantiki ni ileile. Mhitimu wa uhusiano wa kimataifa anayebaki Nairobi ataajiriwa na wizara, shirika lisilo la serikali, gazeti, kampuni inayosafirisha mizigo hadi Goma au Bujumbura. Kitu cha kwanza kitakachomjia mezani ni maandishi: barua pepe, taarifa, rasimu ya mkataba. Anahitaji kujua inasemaje kabla ya kuipeleka kwa mfasiri. Kuzungumza kutakuja baadaye, na mara nyingi kutakuja kwa Kiingereza au Kiswahili.

Hapo ndipo ngazi zile za Ulaya zinakuwa na faida ambayo vyuo vyetu haviitumii. Si lazima stadi zote nne ziwe ngazi moja. Mnaweza kudai B1 katika kusoma na A2 katika kusikiliza, kuzungumza na kuandika, na mkalieleza hilo wazi kwenye mtaala. Kwa Kifaransa ningelenga hapo, na ningeweka yuniti sita, moja kila muhula kuanzia muhula wa kwanza wa mwaka wa kwanza hadi mwisho wa mwaka wa tatu. Hizo ni saa 252. Zinatosha A2 kwa raha, na ikiwa yuniti mbili za mwisho zitatumia maandishi halisi ya diplomasia, zitatosha B1 ya kusoma. Zikiwa nne, yaani saa 168, A2 inashikika kwa shida. Msiache pengo la muhula hata mmoja katikati, na ombeni ofisi ya ratiba izigawe zile saa tatu katika siku mbili. Kipindi kimoja cha saa tatu Ijumaa alasiri kinamchosha mwalimu, kinamlaza mwanafunzi, na kikiangukia sikukuu wiki nzima imekwenda.

Yuniti sita mtazitoa wapi? Nimesoma mitaala mingi ya shahada hii, na karibu yote ina yuniti mbili tatu za utangulizi zinazorudia mambo yaleyale kwa majina tofauti. Anzeni hapo. Kutakuwa na kelele, kwa sababu kila yuniti ina mwenyewe.

Kuhusu lugha gani: orodha ya Mkuu wa Kitivo imechanganya malengo. Kwa shahada hii, mahali hapa, Kifaransa na Kiarabu vitangulie. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2022, na mwaka mmoja kabla yake wakuu wa nchi walikuwa wamekubali Kifaransa na Kiswahili ziwe lugha rasmi za jumuiya pamoja na Kiingereza. Somalia nayo imeingia, na Kiarabu kinatumika huko, Sudan, na kaskazini yote ya bara. Kijerumani ni lugha nzuri, lakini kwa sasa kinawafaa zaidi wauguzi na mafundi wanaokwenda kufanya kazi kule, na hao wako vitivo vingine. Kichina kiwekeni kama mna walimu wa kudumu. Nairobi haina uhaba wa watu waliokisoma, maana Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ya kwanza barani Afrika, ilianzishwa mwaka wa 2005.

Lakini msidai kiwango kimoja kwa lugha zote kana kwamba zinajifunzwa kwa mwendo mmoja. Chuo kinachowafunza wanadiplomasia wa Marekani huhesabu kama saa 750 darasani kwa mtu anayeanzia Kiingereza kufikia Kifaransa cha kikazi, na saa 2,200 kwa Kiarabu au Kichina. Wanafunzi wetu si Wamarekani. Anayejua Kiswahili atakutana na maneno mengi anayoyafahamu ndani ya Kiarabu, na aliyepita madrasa tayari anasoma maandishi. Hata hivyo tofauti ni kubwa mno kuipuuza. Mkisema "A2 kwa lugha yoyote", mwaka wa kwanza mtakuwa na darasa la Kichina lenye watu 40, mwaka wa pili 15, mwaka wa tatu wanne, na wengine wote wamehamia Kifaransa wakiwa wamechelewa muhula mmoja au miwili. Kwa Kiarabu na Kichina ama ongezeni saa, ama shusheni lengo hadi A1 imara yenye kusoma maandishi, na mseme hivyo bila haya.

Sasa hoja ya Ulaya. Mkuu wa Kitivo anakumbuka vizuri: mwaka wa 2002 viongozi wa Umoja wa Ulaya, wakiwa Barcelona, walikubaliana kwamba watoto wafundishwe angalau lugha mbili za kigeni zaidi ya lugha yao. Watoto. Tangu wakiwa wadogo sana, shuleni. Chuo kikuu cha kule hupokea mtu ambaye tayari ana miaka minane au kumi ya lugha, na kazi yake ni kuikuza. Kwa kipimo hicho mwanafunzi wa Nairobi hayuko nyuma hata kidogo. Anaingia chuoni na lugha ya nyumbani, Kiswahili na Kiingereza, mbili kati ya hizo akiwa amezifanyia mtihani wa kitaifa. Unachokiomba kwake ni lugha ya nne, ukubwani. Inawezekana, ila msimwambie kwamba amechelewa kwa Mzungu mwenye mbili.

Kama mnataka mfano wa nje unaofanana na wenu, tazameni Marekani, ambako sharti la lugha huwekwa na chuo chenyewe na kwa kawaida hudumu mihula miwili hadi minne. Uchunguzi wa Modern Language Association, chama cha wasomi na walimu wa lugha kule, ulionyesha kwamba vyuo vilivyodai lugha kwa shahada ya kwanza vilikuwa asilimia 67.5 mwaka wa masomo wa 1994–95, vikashuka hadi asilimia 50.7 mwaka wa 2009–10. Kati ya mwaka wa 2016 na 2021 wanafunzi wa lugha nyingine zaidi ya Kiingereza walipungua kwa asilimia 16.6. Masharti mengi ya namna hii huanguka kwa njia moja: yanabaki kwenye karatasi kwa miaka mingi bila mtu kukumbuka yaliwekwa kwa ajili gani, halafu siku bajeti inapobana hakuna anayejitokeza kuyatetea. Oxford na Cambridge zilidai Kilatini kwa kila anayeingia hadi mwaka wa 1960, hata kwa mtu aliyekuja kusoma kemia.

Nifike kwa wanafunzi wa nchi jirani, kwa sababu hapo ndipo sheria mbaya huumiza watu.

Aliyesomea sekondari Bukavu au Bujumbura amefundishwa hesabu, historia na biolojia kwa Kifaransa. Kumkalisha darasa la "bonjour" ni kumdharau, na pia ni kumpa A ya bure inayoharibu alama za darasa zima. Mpeni jaribio la kuwapanga wiki ya kwanza. Akionyesha B1, sharti limetimia siku hiyohiyo. Zile yuniti atazijaza na nyingine, na kama mna mwalimu anayeweza, moja iwe ya kutafsiri kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, ambayo ndiyo kazi atakayoombwa kufanya kila mahali atakapoajiriwa. Jaribio hilo lifanywe na wote, hata Mkenya aliyechukua Kifaransa, Kijerumani au Kiarabu kwenye KCSE, mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne. Bila jaribio, wajanja watajificha darasa la mwanzo wavune alama, na yule anayeanza sifuri atakaa pembeni yao akidhani yeye ni mjinga.

Wa kutoka Sudan Kusini huleta swali gumu zaidi. Wengi wanazungumza Kiarabu cha Juba, lugha hai ya sokoni na nyumbani, lakini iliyo mbali na Kiarabu sanifu cha magazetini. Msiwape msamaha kwa kusikia tu wanaongea. Wapeni ukurasa wa gazeti wausome. Akiumudu, amepita. Asipoumudu, bado ana mwanzo mzuri kuliko mwenzake. Na kuna njia nyingine ambayo pengine ni bora kwake: Kiswahili. Ni lugha rasmi ya jumuiya ambayo nchi yake ni mwanachama, na tangu mwaka wa 2022 ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika. Mtu anayekaa Nairobi miaka minne, anayepanda matatu za hapa na kununua mboga kwa mama mboga wa hapa, akaondoka bila Kiswahili kinachoandikika, chuo kimemnyima kitu ambacho mwanadiplomasia wa Marekani hutengewa saa 900 darasani ili akipate. Kwa Mkenya Kiswahili kisihesabiwe, kwa sababu amekisoma hadi kidato cha nne na sharti ni kumwongezea lugha. Ndiyo maana kwenye mtaala ningeandika "lugha ya ziada" badala ya "lugha ya kigeni". Mabishano ya nani mgeni na nani mwenyeji yataisha hapo, hata kabla ya kufika seneti.

Na Kisomali? Mwanafunzi wa Eastleigh au Garissa atauliza, na atakuwa na haki ya kuuliza. Mimi ningekikubali, kwa sharti lilelile la maandishi: asome makala ya gazeti la Mogadishu, aandike muhtasari. Kisomali kimekuwa na maandishi rasmi ya Kilatini tangu mwaka wa 1972, kwa hiyo kisingizio cha kukosa maandishi hakipo. Mtahini mtamtafuta wenyewe, mmoja wa ndani na mmoja wa nje. Chuo cha uhusiano wa kimataifa kinachotoa alama kwa Kijerumani na kukataa lugha ya nchi iliyo mpakani kitapata shida kueleza ramani yake.

Mwanafunzi kiziwi apimwe kusoma na kuandika tu. Hilo liandikwe mapema, lisisubiri mtu aje na barua ya malalamiko.

Gharama ndiyo itakayoamua, kwa hiyo ipigeni kabla ya kupiga kura. Tuseme mnaingiza wanafunzi 200 kwa mwaka. Darasa la lugha likizidi watu 25, hakuna anayefungua mdomo. Ukumbi wa watu 120 unafaa mihadhara, haufai hapa. Hiyo ni makundi manane, saa tatu kila moja, saa 24 kwa wiki. Yuniti sita kwa miaka mitatu maana yake miaka mitatu ya wanafunzi inasoma kwa wakati mmoja, saa 72 kwa wiki. Mhadhiri akibeba saa 12, mnahitaji wahadhiri sita. Kama kitivo kina uwezo wa wawili, tena wa vibarua ambao malipo yao huchelewa hadi muhula unaofuata, basi sharti hilo kwa wanafunzi wote ni hadithi.

Ila kuna njia. Wekeni sharti kwa mkondo mmoja tu, tuseme wa diplomasia, wenye wanafunzi 50 kwa mwaka. Makundi mawili, miaka mitatu, saa 18 kwa wiki: wahadhiri wawili wanatosha na wanabakiwa na nafasi ya kufundisha wale wa hiari. Mtapata wahitimu 50 wanaosoma Kifaransa kwelikweli, na mwajiri atawajua. Kama mngeniachia mimi, hili ndilo ningelichagua, na sharti la wote ningelisahau hadi mwaka wa 2029. Mwaka huo ndipo darasa la kwanza la mtaala wa umilisi, waliofika gredi ya 10 Januari 2026, wataanza kubisha hodi vyuoni, na wengine wao watakuwa na misingi ya Kifaransa, Kijerumani, Kiarabu au Kichina tangu shuleni. Mtaala mnaouandika leo uwe tayari na mlango wa A2 kwa ajili yao.

Kuthibitisha kiwango, ruhusuni njia mbili. Ya kwanza ni mtihani wa nje: DELF kwa Kifaransa, ule wa Goethe-Institut kwa Kijerumani, HSK kwa Kichina. DELF, kwa mfano, ina alama 100 katika sehemu nne za alama 25; unapita kwa 50, mradi usipate chini ya 5 katika sehemu yoyote, na cheti chake hakiishi muda. Ya pili ni mtihani wa idara uliotungwa kwa kiwango hichohicho. Msiulazimishe ule wa nje, kwa sababu ada yake ni juu ya karo na mkopo wa HELB, ule wa serikali kwa wanafunzi, hautaifikia kirahisi. Yuniti zenyewe zipewe alama kama yuniti nyingine, lakini mtihani wa sharti uwe wa kupita au kutopita, ufanywe kila muhula, na urudiwe bila adhabu. Na mwisho wake uwe ni mwisho wa mwaka wa tatu. Hakuna kisa kibaya ofisini kwa msajili kama mzazi aliyeshachanga pesa za sherehe, kisha jina la mtoto halimo kwenye orodha ya mahafali kwa sababu ya sapu (mtihani wa kurudia) ya Kifaransa ya mwaka wa kwanza ambayo hakuna aliyemkumbusha.

Kipengele chenyewe kiwe kifupi. Hiki mnaweza kukichukua na kukirekebisha:

"Mwanafunzi wa mkondo wa diplomasia ataonyesha, kabla ya kuanza mwaka wa nne, uwezo wa lugha moja ya ziada ambayo haikuwa somo lake la lazima katika sekondari ya Kenya. Kwa Kifaransa uwezo huo ni B1 katika kusoma na A2 katika stadi nyingine. Viwango vya lugha nyingine viko kwenye jedwali la idara. Uwezo unaweza kuthibitishwa kwa jaribio la mwanzo, kwa cheti cha nje kinachotambuliwa na idara, au kwa mtihani wa idara baada ya yuniti sita."

Aliyefundishwa kwa Kifaransa Bukavu ameingia humo, wa Juba na Kiswahili chake ameingia, wa Eastleigh ameingia, na hakuna aliyelazimika kuandikiwa barua ya msamaha.

Mabadiliko ya ukubwa huu yanahitaji kupita idara, kitivo na seneti, kisha Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, kwa hiyo msitangaze kitu kwa wanafunzi kabla ya idhini. Na wale wa mwaka wa tatu waacheni. Mwanafunzi hufuata mtaala alioingia nao. Ukimbadilishia katikati, atakwenda kwa wakili, na wakili hatahitaji kusoma zaidi ya barua ya kumpokea chuoni. Wakitaka wenyewe kuingia darasani, wafungulieni kwa hiari kama kuna viti. Mtashangaa ni wangapi watakaokuja wakisikia kwamba hakuna anayewalazimisha.